Hadi Kibaoni

Kila mwaka, siku ya kwanza ya Juni, wafanyakazi wawili wa manispaa hufika na sepetu zao kaskazini ya daraja refu linaloingia baharini, pale misonobari inapoishia, wakachimbia kibao kwenye mchanga. Kibao kimeandikwa: Ufukwe wa Wanawake. Siku ya mwisho ya Agosti wawili wale wale hurudi wakaking'oa. Kati ya siku hizo mbili, mwanamume akithubutu kuvuka pale hufukuzwa kwa makelele na kurushiwa kandambili, awe mgeni, awe mwenyeji, awe padri.

Ng'ambo ya kibao wanawake wa mji wa Palanga huvua nguo zote. Hawalali. Husimama wima, mikono kiunoni, nyuso zimeelekea jua, na jua likisogea nao husogea kama alizeti. Wengi wao ni vikongwe.

Vaiva alikijua kibao kile vizuri, maana kwa miaka kumi alimsindikiza bibi yake hadi hapo kila asubuhi ya msimu, na kwa miaka kumi hakukivuka. Alikuwa amekivuka mara moja tu kabla ya hapo, akiwa msichana wa miaka kumi na mitatu, amevaa nguo yake mpya ya kuogelea, mikono ameikunja kifuani. Veronika, mama muuza dawa wa mtaa wao, alimtazama toka juu hadi chini akasema kwa sauti ya kusikika mpaka Uswidi, "Jadvyga! Nani kakuletea huyu shakwe aliyenyonyolewa?" Ufukwe mzima ulicheka. Bibi yake, Jadvyga, naye alicheka. Hakikuwa kicheko kibaya, hata Vaiva alilijua hilo, lakini kilimwingia mwilini kama mwiba wa samaki na hakikutoka.

Tangu siku hiyo, wakifika kibaoni Vaiva husema, "Nitakungoja hapa, Bibi." Kisha hupanda kilima cha mchanga, akaketi chini ya msonobari uliopinda, katikati ya manyasi marefu ambako aliamini haonekani na mtu. Kutoka hapo alichungulia. Alimwona bibi yake akiingia majini, akisimama kwenye fungu la kwanza la mchanga, maji yakimfika magotini, akishuka tena kwenye kina mpaka kubaki kichwa tu, halafu, mbali, akiibuka juu ya fungu la pili kama mtu aliyesimama juu ya bahari. Akifika huko Jadvyga hugeuka akainua mkono. Vaiva alidhani anawapungia wenzake.

Akirudi, nywele zikichuruzika, bibi alikuwa na neno la kusema. "Maandazi ya leo yamepakwa sukari nyingi, eh?" aliuliza siku moja. Vaiva alijifuta midomo haraka. Alidhani imebaki sukari pembeni.

*

Msimu huo Jadvyga alikuwa na miaka sabini na tisa, na alitembea na mkongojo. Siku moja ya Julai walikuwa wakimenya viazi katika jiko la uani. Vyumba vyote vinne vya nyumba vilikuwa vya wageni, kama kila msimu, nao wawili waliishi humo jikoni, vitanda vyao vimebanana na jokofu.

"Mwaka huu nahitaji mkono," alisema bibi.

"Mkono wa nini?"

"Wa kunishika. Magoti yananisaliti. Juzi wimbi dogo limenipiga nikaanguka kama gunia, na fungu la kwanza sijalifikia. Na daktari kasema nisiingie peke yangu, moyo umechoka. Sasa wewe unishike kutoka kibaoni hadi majini, tuvuke mpaka fungu la pili, turudi. Basi. Sikuombi unibebe."

Vaiva alizidi kumenya. Kiazi kilichokuwa mkononi mwake kilikwisha menywa zamani.

"Nimefika fungu la pili tangu nina miaka kumi na minane," bibi aliendelea. "Misimu sitini na mmoja, sijakosa hata mmoja. Mwaka niliomzika babu yako nilifika. Mwaka niliomzaa mama yako nilifika na tumbo hili mbele yangu. Nataka na huu."

"Watu wamejaa sasa, Bibi. Tutaenda baada ya msimu, mimi na wewe tu."

Jadvyga aliweka kisu chini. "Baada ya msimu! Mji mzima huu umerogwa na neno hilo. Kupaka nyumba rangi, baada ya msimu. Kuoana, baada ya msimu. Babu yako jino lilimuuma tangu Mei, akasema atakwenda kuling'oa baada ya msimu. Septemba tulimpeleka na shavu limeumuka kama mkate. Baada ya msimu hakuna ufukwe wa wanawake, mjukuu wangu. Kuna mchanga, na wanaume na mbwa wao."

"Wataniangalia."

"Nani akuangalie? Pale wote ni magunia ya viazi. Tena viazi vya mwaka jana."

Vaiva alicheka mpaka akajifuta macho. Lakini hakusema ndiyo, na bibi yake aliona kwamba hakusema.

*

Siku zikaenda zinavyokwenda msimuni, yaani hazikuonekana. Wageni wa Vilnius waliondoka saa nne, wageni wa Kaunas waliingia saa nane, na katikati yake palikuwa na mashuka ya vitanda vinane ya kufua, kuanika na kukunja. Siku nyingine mvua ilinyesha. Siku nyingine waokoaji walipandisha bendera nyekundu, na Vaiva, akiiona kutoka mbali, alihisi kitulizo ambacho alikionea aibu. Asubuhi zilizobaki aliendelea kumsindikiza bibi yake hadi kibaoni, na bibi aliendelea kuvuka peke yake, akisimama na wenzake mchangani kulifuata jua. Majini hakuingia. Hakulalamika. Kila asubuhi, kabla ya kuvuka, alisimama kidogo na kunyoosha kiwiko chake upande, kama mtu anayengoja kushikwa mkono. Halafu alikirudisha.

Katikati ya Agosti akaja Liucija, msusi kutoka Kaunas, mwanamke mnene mwenye sauti iliyomtangulia mlangoni. Alichukua chumba cha barazani hadi tarehe mosi Septemba. Alipokuwa akipokea ufunguo aliiona kadi iliyotundikwa ukutani. Jadvyga aliiandika miaka mingi nyuma, kwa sababu Vaiva, mgeni akimuuliza swali, hujishika shingo akasahau hata jina la mtaa wao. Liucija aliisoma kwa sauti kama anayesoma taarifa ya habari.

"Kuona: jua likizama, kutoka mwisho wa daraja. Fikeni mapema mpate pa kuegemea. Kula: samaki bapa wa moshi kwa Alfonsas, si kwa jirani yake." Alicheka. "Jirani yake kawakosea nini?"

"Anatumia kuni mbichi," Jadvyga alijibu kutoka uani.

"Haya. Supu baridi ya bitiruti na viazi vya moto. Maandazi ya jibini, yakiwa yametoka sasa hivi motoni, la sivyo msijisumbue. Kufanya: kuokota kaharabu asubuhi baada ya upepo wa magharibi. Wanawake: ufukwe wetu, asubuhi. Msione haya." Liucija alishika kiuno. "Nani aone haya? Mimi nimezaa watatu mbele ya darasa zima la wanafunzi wa udaktari! Na wewe, binti, katika haya yote wewe unapenda lipi?"

Vaiva alijishika shingo. "Wageni wengi wanapenda daraja."

"Sikukuuliza wageni."

Daraja lenyewe alilifikia mara ya mwisho akiwa shule. Kila jioni aliwaona wageni wakimiminika kupita getini na sweta mabegani, wakisema kile wanachosema wote Palanga, kwamba wanakwenda kulisindikiza jua, naye alikuwa na mashuka mikononi. Kaharabu aliijua ile iliyotungwa kwenye uzi vibandani. Supu aliila amesimama.

"Mama," Liucija alimwambia Jadvyga, "mtoto wako huyu anaishi baharini au anaishi dobini?"

"Muulize mwenyewe," alisema Jadvyga. "Mimi nimeuliza mpaka nimechoka."

Maneno hayo, yaliyosemwa kwa utani, yalimkaa Vaiva rohoni kuliko yote. Tarehe ishirini na nane, wakila supu, alikata shauri. Aliweka kijiko chini.

"Bibi. Tarehe thelathini na moja hakuna mgeni anayeingia wala kutoka. Nitakuja nawe. Nitavuka, nitakushika, tutafika fungu la pili."

"Unaapa?"

"Naapa."

Jadvyga alimwongezea supu, rangi yake ya waridi ikafurika hadi ukingoni mwa bakuli, na kiazi kikubwa kuliko vyote akakihamishia sahani ya mjukuu wake.

*

Tarehe thelathini na moja kulikucha kweupe. Ubao wa waokoaji uliandikwa maji nyuzi kumi na saba, bendera ya kijani. Jadvyga alivaa joho lake la kuogea tangu kifungua kinywa. Njiani alimweleza Vaiva namna ya kuvuka kina kati ya fungu la kwanza na la pili: usiende moja kwa moja, shika upande wa kulia, ulipe daraja mgongo, mchanga hapo ni mgumu, maji hayapiti kifua. "Asiyejua huenda moja kwa moja, akajikuta anakunywa bahari," alisema. "Lakini wewe utakuwa unajua."

Walifika kibaoni. Jadvyga alinyoosha kiwiko, na Vaiva alikishika. Alipiga hatua moja. Ndipo akawaona. Siku ya mwisho walikuwa wamekuja wote, wamejipanga kando ya maji, na karibu kabisa, mikono kiunoni, alikuwa Veronika. Na Veronika, ambaye naye alikuwa amezeeka, aligeuza shingo taratibu kulifuata jua, ambalo kwa wakati huo lilikuwa upande wa kibao.

Vaiva aliachia kiwiko cha bibi yake.

"Bibi, tangulia kidogo," alisema. "Nifungue viatu. Nakuja sasa hivi."

Jadvyga alimtazama, si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anavyolitazama wingu, kujua litapita au halitapita. "Haya," alisema. "Natangulia."

Vaiva alipanda kilima chake. Alikaa chini ya msonobari uliopinda, akafungua viatu, akavifunga, akavifungua. Kila safari alijiambia, akigeuka yule mama nitashuka, likipita lile wingu nitashuka. Alisikia sauti ya Liucija ikivuma chini huko: "Mama! Unangoja nini hapo peke yako? Njoo nikushike, mkono huu umebeba ndoo ishirini za maji ya kuoshea nywele kwa siku!" Alisikia kicheko cha bibi yake. Alichungulia akawaona wawili, mmoja mpana, mmoja mwembamba, wakiingia majini wameshikana. Walifika fungu la kwanza. Liucija alikwenda mbele moja kwa moja, akazama hadi kidevuni, akapiga ukelele, akarudi akikohoa. Jadvyga alimwonyesha kulia kwa mkono. Liucija alitikisa kichwa. Walisimama hapo muda mrefu, maji magotini, Jadvyga ameelekeza uso kwenye fungu la pili.

Kisha aligeuka kuelekea nchi kavu, akainua mkono.

Vaiva alizidi kujikunyata kwenye manyasi.

Walipotoka, wafanyakazi wawili wa manispaa walikuwa wameshafika na sepetu zao, wamesimama upande wa wanaume kwa adabu, migongo wameipa bahari.

"Mama zetu, vaeni," mmoja alipaza sauti. "Msimu umekwisha."

"Saa sita bado, wewe!" alifoka Veronika. "Ukigeuka nakupofua."

"Tangu nianze kazi hii sijawahi kugeuka, mama. Mke wangu yuko hapo."

"Ndiyo maana hugeuki!"

Wakacheka wote, wanawake na wafanyakazi. Chini ya kicheko hicho Vaiva alishuka, viatu mkononi, akamkuta bibi yake anafunga joho.

"Bibi, nilikuwa nakuja. Kweli nilikuwa nakuja."

"Najua."

"Twende sasa. Twende kabla hawajakichimbua."

Midomo ya Jadvyga ilikuwa na rangi ya samawati na meno yakigongana. "Sasa nimeganda, mjukuu wangu. Tutakwenda mwakani." Alimpiga piga begani, kama yeye ndiye aliyehitaji kubembelezwa. Nyuma yao kibao kilitoka mchangani bila shida yoyote, kama jino lililokwisha legea.

*

Jadvyga alikufa Februari, adhuhuri, ameketi kwenye kiti chake karibu na jiko la kuni, kadi ya wageni magotini. Alikuwa akiiandika upya kwa sababu ya zamani ilikuwa imefifia. Alikuwa amefika kwenye neno Kula.

Liucija alikuja kutoka Kaunas kwa basi, katika theluji, kumsindikiza. Makaburini alimshika Vaiva mkono, mkono wake mzito wa kazi, akasema, "Nisamehe. Sikujua njia. Aliniambia kulia, nikaogopa."

Vaiva alitaka kusema, mimi nilijua njia. Aliitikia kwa kichwa tu, na Liucija akadhani amesamehewa, na kumbe hakukuwa na kosa lake lolote la kusamehe.

*

Siku ya kwanza ya Juni wafanyakazi wawili walichimbia kibao. Kesho yake Vaiva aliwaacha wageni wawili wakingoja funguo barazani. "Kadi iko ukutani," aliwaambia, "someni," akaondoka.

Ubao wa waokoaji uliandikwa nyuzi kumi na tatu. Wanawake walikuwa sita au saba, wale wagumu. Alifika kibaoni akasimama kwa mazoea. Kiwiko hakikunyooshwa na mtu. Akavuka.

Alivua nguo, akazikunja moja moja, akaweka jiwe juu. Alingoja. Aliinua macho.

Hakuna aliyegeuka. Veronika alikuwa amefumba macho, uso umeelekea jua, mdomo wazi kidogo. Mwingine alikuwa akimenya yai. Vaiva alipita mbele yao wote, hatua kwa hatua, na hakuna hata mmoja aliyegeuka. Angetamani Veronika aseme neno, hata lile la shakwe. Miaka kumi, aliwaza. Miaka kumi kwa ajili ya hiki.

Maji yalimkata miguu kama kisu. Alifika fungu la kwanza. Mbele yake kina kilikuwa cheusi. Alishika kulia, akalipa daraja mgongo, akitafuta mchanga mgumu kwa nyayo, na maji yakapanda, kiunoni, kifuani, shingoni.

"Si huko!" Ilikuwa sauti ya Veronika, kutoka nchi kavu. "Zaidi kulia! Bahari imelihamisha fungu wakati wa baridi! Kulia, mtoto wa Jadvyga!"

Akaenda kulia zaidi. Mguu ukagusa mchanga mgumu, ukapanda, na maji yakaanza kumwacha, bega, kiuno, goti. Alikuwa amesimama juu ya bahari. Alihema, akajikumbatia, akageuka kutazama alikotoka.

Aliona wanawake, wadogo kama vidole. Aliona kibao. Na juu yake, wazi kabisa kwenye mwanga wa asubuhi, aliuona msonobari uliopinda, na chini yake kile kishimo alichokichimba kwa kukaa miaka kumi. Manyasi hayakukificha hata kidogo. Mkoba wa kijani aliousahau siku moja msimu uliopita ulikuwa bado umening'inia tawini. Kutoka hapa mtu angeweza kuona hata mtoto wa kike anayekula maandazi, na kujua yamepakwa sukari.

Vaiva aliinua mkono. Aliuweka juu mpaka baridi ikamshinda, akaanza kurudi.